Soriasisi imenitenga na watu: nianzie kwa nani?

SWALI: Nina miaka 31, naishi Kondele, Kisumu, na ninauza chai na chapati karibu na stendi ya matatu. Huu ni mwaka wa sita nina soriasisi, ugonjwa wa mabaka ya ngozi: viwiko, magoti, mgongo wa chini na kichwani. Siku hizi kuna wateja wanaoniambia niweke chenji mezani, hawataki kugusa mkono wangu. Msusi wangu alinikataa mbele ya watu. Mama mkwe anasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mume wangu hasemi kitu, lakini analala akinipa mgongo. Dawa ninazo, ila moyo umechoka, na kila ninayemweleza ananitajia mitishamba. Je, kuna mahali mtu kama mimi anaweza kupata wa kumtegemea, au ni kuvumilia tu?

JIBU: Dada, pole. Na hapana, si kuvumilia tu. Miaka sita umeshavumilia vya kutosha. Watu wa kukushika mkono wapo, ila wametawanyika, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekutosha peke yake. Hapo ndipo wagonjwa wengi wa ngozi hukwama. Wanamsaka Mnyamwezi mmoja wa kubeba mzigo wote: ajue ugonjwa, asikilize bila kuchoka, asione kinyaa, asilete dawa ya majani. Wakimkosa wanaamua kwamba hakuna anayejali. Wewe gawa mzigo. Kila mtu mpe kipande kimoja kinachotosha mabega yake, kidogo, chenye mwanzo na mwisho. Wengi wanaokuepuka hawakuchukii; hawajui tu waelekeze wapi macho wala wafanye nini na mikono. Ukiwapa kazi, wanatulia.

Kwanza maneno machache kuhusu ngozi yenyewe, maana utayahitaji mdomoni kila siku. Soriasisi ni kinga ya mwili inayofanya kazi kupita kiasi. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja. Kwenye baka la soriasisi chembe mpya hufika juu kwa siku chache tu, zile za zamani hazijapata nafasi ya kudondoka, ndipo magamba yanarundikana. Hakuna kijidudu hapo, kwa hivyo hakuna cha kuambukiza, iwe kwa chenji, kwa shuka au kwa unga wa chapati. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, na likahimiza unyanyapaa upigwe vita, hasa kila tarehe 29 Oktoba, Siku ya Soriasisi Duniani. Kwa hivyo hilo la wateja kukataa mkono wako linajulikana hata Geneva, makao ya shirika hilo. Si wewe uliyekosea.

Na huo moyo kuchoka ni sehemu ya ugonjwa, usiuone kama udhaifu wa tabia. Mwasho hukata usingizi, kukosa usingizi huleta hasira na mawazo, mawazo huamsha mabaka mapya, na mabaka huleta mwasho. Dawa ya kupaka hukata mnyororo huo upande mmoja tu. Watu huukata upande wa pili.

Anza na mgongo wako, kwa sababu ndipo mkono wako haufiki. Hiyo ndiyo kazi ya mume wako. Usimwombe akuelewe, wala usianzishe mazungumzo hayo kitandani taa ikiwa imezimwa; mchana, mkiwa mnafanya jambo lingine, mwambie: "Huku nyuma siwezi kupaka vizuri. Naomba unisaidie jioni, dakika tano." Kisha mwonyeshe kwa vipimo, kwa sababu mtu mwenye kipimo hana woga. Kamua tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza wa kidole. Huo uzi mmoja ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mgongo mzima mpaka matakoni huhitaji nyuzi saba. Wewe ambaye ni kiunoni tu, moja au mbili zitatosha. Apake kwenye baka lenyewe, si kwenye ngozi nzima, kwa kuteleza kuelekea chini vinyweleo vinakolala, bila kusugua. Nusu saa baadaye ndipo mafuta ya kawaida, yale mazito yasiyo na manukato, yafuate juu. Kosa linalojitokeza sana ni kuchanganya dawa na mafuta kiganjani "ili ienee": dawa inapungua nguvu na inaishia mahali pasipohitajika.

Jioni ya kwanza huenda akatumia ncha mbili za vidole kama anayeokota kaa la moto. Mwache. Mikono hujifunza haraka kuliko masikio, na mtu aliyekupaka dawa wiki mbili bila ngozi yake kuota chochote hahitaji tena hotuba ya kwamba haiambukizi. Tena kulala akikupa mgongo huenda hakuna maana unayoipa. Wanaume kadhaa wakiulizwa hujibu kwamba wanaogopa kuumiza, au magamba kwenye shuka yanawawasha. La kwanza linajibiwa kwa "hapa panauma, hapa hapaumi". La pili linajibiwa kwa kukung'uta shuka nje asubuhi na kupaka mafuta kabla ya kulala, basi. Kama kuna mabaka sehemu za siri, na ndiyo sababu umejitenga, mwambie daktari wazi. Zile krimu kali za viwikoni hazipakwi huko, kuna nyingine laini zaidi. Mume akikataa kabisa kupaka, usigombane. Mwombe akusindikize kliniki siku moja tu. Neno lile lile likitoka kwa mtu wa koti jeupe hupokelewa tofauti, jambo la kukera lakini ndivyo lilivyo.

Kwa mama mkwe, usibishane kuhusu chira. Ukishinda hoja umemwaibisha mzee nyumbani kwake, na ukishindwa umeharibu zaidi. Mtume mtu ambaye anamsikiliza, wifi au shemeji, amweleze mambo mawili tu: kwamba ugonjwa una jina na kliniki, na kwamba wajukuu hawaupati kwa kugusana. Akiuliza kuhusu kurithi, msimdanganye. Uwezekano wa mtoto kuupata huongezeka mzazi akiwa nao, lakini watoto wengi wa wazazi wenye soriasisi hawaupati kamwe. Kisha wewe mwenyewe mpe kazi yake: "Mama, Alhamisi ni siku ya kliniki, naomba ukae na mtoto mpaka saa nane." Anayekaa na mtoto siku ya kliniki tayari ameikubali kliniki, hata kama mdomo wake haujasema.

Dawa za mitishamba utaletewa mpaka uzeeni. Watu hapa huonyesha upendo kwa kuleta kitu. Shukuru, na uwe na jibu moja lisilobadilika: "Asante, nimekubaliana na daktari nisiongeze chochote kabla ya kumwonyesha." Si adabu tu. Soriasisi ina tabia ya kuota pale ngozi ilipojeruhiwa, na utomvu unaochoma au jiwe la kusugulia humpa mgonjwa baka jipya mahali palipokuwa safi. Hatari zaidi ni ile sindano ya "kusafisha ngozi" au vidonge vya prednisoloni vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Ngozi hung'aa kwa siku chache, kisha dawa ikiisha ugonjwa hurudi kwa kishindo, wakati mwingine na usaha au wekundu wa mwili mzima unaopeleka mtu wodini. Mengi ya yale maneno "nilikata tamaa kabisa" hutoka kwa watu waliopitia hapo: walipona mbele ya macho ya majirani, kisha wakaanguka mbele ya macho yale yale.

Wateja sasa. Hao hawahitaji kukuelewa, wanahitaji sekunde kumi. Fanya mazoezi ya sentensi hii mpaka itoke bila sauti kutetemeka: "Ni soriasisi, ngozi yangu hukua haraka, haiambukizi. Chai ya maziwa au ya rangi?" Ule mwisho wa swali ndio wenye nguvu, unamrudisha mteja kwenye biashara kabla hajapata nafasi ya kukukodolea macho. Usitoe somo, na usiombe radhi. Tundika cheti chako cha afya cha wauza chakula mahali panapoonekana, usawa wa macho, karibu na pale unapopokea pesa. Kwa siku mbaya weka kisahani cha chenji kwa wateja wote, au uelekeze watu kulipa kwa M-Pesa. Kwa siku nzuri kiondoe, kwa sababu kisahani cha kudumu kitakufundisha wewe mwenyewe kwamba mkono wako hauguswi. Mikono mirefu ya sweta mbele ya jiko, katika joto la Kisumu, ni kujitesa: jasho huongeza mwasho. Blauzi nyepesi ya pamba iliyolegea, inayofunika kiwiko tu, inatosha. Na kama siku moja nyufa zitatokea viganjani zikatoa damu, hapo funika au mpe mwingine kazi ya unga mpaka zifunge; hiyo ni sheria ya jikoni kwa kidonda chochote, haihusu soriasisi peke yake.

Kuna jambo ambalo wateja hawatalisema usoni: katika mji huu mtu akiona mabaka, akili hukimbilia Ukimwi. Kama hujapima karibuni, pima, kwa faida yako. Virusi vikiwemo, soriasisi inaweza kuwa kali zaidi na mpango wa dawa hubadilika. Majibu ni yako. Huna deni la kumwonyesha mtu anayenunua chapati mbili.

Msusi tafuta mwingine, na umpigie simu kabla, usimshtukize kwenye kiti. Mweleze una soriasisi kichwani, haiambukizi, na unaomba saa ambayo hakuna foleni, tuseme asubuhi ya katikati ya wiki. Beba kitana na taulo yako. Omba misuko iliyolegea, na kemikali ya kulainisha nywele isiguse kichwa chenye mabaka mabichi. Kuvuta sana na kuchoma vyote huamsha mabaka, kama ule utomvu. Ukimpata anayekubali, mshike. Kwa mwanamke, saa tatu za kuguswa kichwa bila kuonewa kinyaa ni tiba ambayo haiandikwi kwenye cheti chochote.

Sasa wataalamu. Kisumu kuna Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia; wasomaji wa Nakuru na Kakamega nao wanaweza kuanzia hospitali kuu ya kaunti yao. Daktari wa ngozi ana foleni ndefu na dakika chache, kwa hivyo usiende mikono mitupu. Beba karatasi yenye mistari mitatu: nalala saa ngapi, nimeacha kufanya nini kwa sababu ya ngozi, na ninaomba nini. Beba pia picha za simu ulizopiga siku mabaka yalipokuwa mabaya, maana siku ya kliniki ngozi ina desturi ya kutulia. Mwombe akupime kwa lile dodoso la ngozi na maisha ambalo madaktari wa ngozi hulitumia tangu 1994. Lina maswali 10 kuhusu wiki iliyopita: mwasho, aibu, mavazi, kazi, mapenzi. Jumla yake ni 30. Ukizidi 10, hesabu yao ni kwamba ugonjwa umeyagusa maisha kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu tosha ya kufikiria tiba ya nguvu zaidi hata kama mabaka ni machache. Hiyo ndiyo maana ya kutaja moyo mbele ya daktari wa ngozi: unabadilisha dawa. Akipendekeza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mwambie kama una mpango wa kushika mimba, kwa sababu haifai kabisa. Na ni dawa ya mara moja kwa wiki, wanaoinywa kila siku kwa makosa hudhurika vibaya. Viungo vikikuuma na kukakamaa asubuhi, taja pia, soriasisi huingia kwenye viungo.

Ili ujue kama unahitaji mshauri nasaha, jiulize mambo mawili kuhusu wiki mbili zilizopita. Je, ulikosa hamu au raha ya kufanya mambo? Je, ulijisikia mnyonge, mwenye huzuni au usiye na tumaini? Kila swali lipe alama: 0 kama hapana kabisa, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 karibu kila siku. Ukipata jumla ya 3 au zaidi, omba rufaa kwa kliniki ya afya ya akili au mshauri wa hospitali. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi, muulize kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Aliye sawa hatakasirika. Mpe vikao vitatu kabla ya kuamua hakufai, isipokuwa akianza kukuuzia virutubisho, hapo ondoka siku hiyo hiyo. Na ukiandikiwa dawa ya akili au ya wasiwasi, sema mapema kwamba una soriasisi. Lithiamu, na propranololi ambayo hupewa watu wenye mapigo ya moyo ya wasiwasi, zote zinaweza kuchochea mabaka. Usiziache mwenyewe ghafla; mwombe aliyekuandikia atafute nyingine.

Mchungaji naye ana nafasi yake, na wengi hupata faraja ya kweli kanisani. Mwambie tu, "Niombee, na dawa naendelea nazo." Anayekutaka uache dawa ili uthibitishe imani, msalimie kwa heshima na ukae kiti cha nyuma.

Kama mawazo yamefika mahali unatamani usiamke, usisubiri tarehe ya kliniki. Simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, haina malipo; Befrienders Kenya wako kwenye 0722 178 177. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Useme hivyo hivyo ilivyo, "nina ugonjwa wa ngozi na nimechoka kuishi hivi". Huhitaji kupanga maneno.

Mwisho, wenzako. Swali lako la "kuna mahali" jibu lake kubwa liko kwenye benchi la kliniki ya ngozi, ambako mnakaa saa mbili mkiangaliana viwiko bila kusalimiana. Usichukue namba za watu kwa nguvu. Andika yako kwenye vikaratasi na umwombe muuguzi ampe anayetaka. Watatu wanatosha kuanza, na wakizidi kumi wenye aibu hunyamaza. Mkutane mara moja kwa mwezi, saa moja na nusu, mahali pasipo na maana nyingine: ukumbi wa kanisa siku ya kazi, au nyumba ya mmoja wenu. Epukeni chumba cha kliniki ya virusi vya Ukimwi hata mkipewa bure, nusu ya watu hawataingia mlangoni kwa kuhofia kuonekana.

Vikundi hivi huku kwetu hufa kwa sababu zile zile. Vinageuka chama cha mikopo. Mmoja anashindwa kulipa, anaona haya kuja, na siku anayohitaji bega hana. Changeni ya chai tu, imalizike siku hiyo. Au anaingia mwenye dawa ya kuuza; kanuni ya kwanza iwe hakuna anayeuza kitu, hata sabuni. Au picha ya mgongo wa mtu inatoka kwenye WhatsApp. Kubalianeni tangu siku ya kwanza kwamba picha za ngozi haziwekwi humo bila mwenyewe kuamua, simamisheni wasimamizi wawili, na ujumbe ukome saa tatu usiku, kwa sababu mtu asiyelala kwa mwasho akisoma huzuni ya wenzake saa nane za usiku hataona alfajiri kwa uzuri. Anayesimamia mazungumzo abadilike kila mwezi, na kila mmoja apewe dakika tano bila kukatizwa wala kushauriwa. Ushauri uombwe.

Mkutano wa kwanza msianze na historia za ugonjwa, zitawazamisha. Anzeni na swali dogo: nani ana msusi au kinyozi asiyekataa watu, na yuko wapi?